Maada ya giza inayovunjika: nani abebe mzigo wa ushahidi?

Karibu asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni haionekani. Tunaijua kwa mvuto wake tu. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa imeundwa na chembe zisizovunjika kamwe, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Mara nyingi mwananadharia huingiza tu kwenye milinganyo yake ulinganifu, yaani kanuni ya kihisabati, unaoizuia chembe kuvunjika, kisha huendelea na kazi. Wanaouliza kwa nini izuiwe wana haki: hata nyutroni, ikiwa nje ya kiini cha atomu, huishi kama dakika 15 tu.

Mfano uliosumbua watu zaidi ni nyutrino tasa, chembe ya kudhaniwa tu, ndugu wa nyutrino za kawaida, zile chembe nyepesi mno ambazo ni nadra kugusana na kitu chochote. Mwaka 2014 timu mbili ziliripoti mstari hafifu wa eksirei, yaani ziada ya mnururisho kwenye nishati moja, ya takriban kiloelektrovolti 3.5 (kipimo cha nishati ya chembe), kutoka kwenye makundi ya galaksi, likiwemo Perseus, na galaksi ya Andromeda. Hesabu yake ni nyepesi: nyutrino tasa yenye tungamo, likipimwa kama nishati, la kiloelektrovolti 7 ikivunjika kuwa nyutrino ya kawaida na fotoni (chembe ya mwanga, hapa eksirei), fotoni huondoka na nusu ya nishati. Uhai wa chembe hiyo ungeuzidi umri wa ulimwengu mara bilioni nyingi, lakini Perseus ina chembe tele kiasi kwamba kila sekunde kuna zinazovunjika.

Upande wa pili nao haujakaa kimya. Gesi moto ya makundi hayo ina potasiamu, ambayo hutoa mistari jirani kabisa na huo. Setilaiti ya Japani, Hitomi, iliitazama Perseus mwaka 2016 kabla ya kuharibika, na mstari haikuuona. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliopekua anga tupu ndani ya galaksi yetu ulitoka mikono mitupu pia, ingawa mbinu yake ilipingwa.

Kuna modeli nyingine ambamo chembe huvunjika na kuzaa vitu vya giza vilevile, bila fotoni yoyote. Zinavutia kwa sababu chembe inayozaliwa hupigwa teke na kutoroka, hivyo maada hujikusanya kidogo kuliko inavyotarajiwa, jambo ambalo baadhi ya vipimo vimewahi kulidokeza. Shida ni kwamba kipimo kikizibana, mtetezi hurefusha uhai wa chembe au hupunguza teke, na modeli inaponea chupuchupu.

Ndiyo maana naiheshimu zaidi nyutrino tasa, hata kama naona inaelekea kushindwa. Ilitaja nishati moja mahususi, na XRISM, setilaiti iliyorushwa mwaka 2023 ikiwa na kipimaeksirei cha aina ya Hitomi, inaweza kwenda kuitafuta hapo hapo.