Usitupimie Kazi kwa Sekunde

Ujumbe uliingia studioni kwetu mchana, wakati mwenzangu anawinda mlio wa feni uliojificha ndani ya rekodi ya msimulizi. Mteja, mtu muungwana ambaye tumeshafanya naye kazi mara mbili, alikuwa amepokea makadirio yetu ya bei ya nembo ya sauti, yaani mlio mfupi wa kuitambulisha programu yake ya simu. Akaandika: "Mbona bei iko hivi? Si ni sekunde tatu tu? Wimbo mzima wa dakika nne mlinifanyia kwa pesa zinazokaribiana na hizi."

Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa kuwa hakuandika kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayenunua kitambaa kwa mita: kipande kifupi, bei ndogo. Nikijiuliza ni nani aliyemfundisha hivyo, jibu ni sisi wenyewe wenye studio ndogo. Tumetangaza bei kwa dakika. Tumekubali "kamlio kadogo tu" kama nyongeza ya bure ili mteja asitukimbie. Tumekaa kimya miaka yote kuhusu kinachofanyika mlango ukishafungwa.

Basi leo nakieleza.

Mwaka jana tulifanya nembo kama hiyo kwa mteja mwingine. Alitaka mlio wa "kufunguka", neno hilo moja. Kufunguka kwa nini? Mlango? Kiganja? Chupa? Siku mbili za kwanza hatukugusa maikrofoni. Tulikuwa tunamhoji na kusikiliza programu nyingine zinavyolia ili yetu isifanane nazo. Siku ya tatu tukaanza kurekodi: kidole kilicholowa kikizunguka ukingoni mwa glasi, kisanduku cha mbao chenye bawaba kavu, na mwenzangu akivuta pumzi karibu sana na maikrofoni, mpaka tukapata hewa tupu isiyojulikana kuwa imetoka kwa mtu. Tulifanya usiku, magari yakishapungua. Glasi peke yake tuliirudia mara arobaini na ushei. Kila glasi ina noti yake, na noti hiyo hushuka kadiri unavyoongeza maji, kwa hiyo tuliongeza maji kijiko kwa kijiko mpaka ikakaa sawasawa na kinanda.

Kisha ikaja shughuli ya besi, zile sauti nzito za chini. Kwenye spika za studio, nembo ilikuwa na kishindo laini cha hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, kile unachokisikia kifuani kabla ya masikioni. Tukaicheza kwenye simu: kishindo hakuna. Spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa masafa hayo, na ukiilazimisha inakwaruza. Dawa yake ni kuipandikizia ile sauti ya chini ndugu zake wa juu, wale wanaogawanyika kwa 60: hezi 180, 240, 300 na kuendelea. Sikio likiwasikia hao kwa mpangilio wao, ubongo hujijazia wenyewe ile ya chini ambayo haipo kabisa. Naipenda sana kazi hii kwa ajili ya mambo kama hayo. Lakini kupata kipimo chake kulitula siku nzima. Ukizidisha, mbao inalia kama bati. Ukipunguza, mlio unakonda. Tuliusikiliza kwenye simu nne, kwenye hedifoni za bei ya chini, ndani ya gari, na tukiwa tumesimama nje kwenye kelele.

Na lipo ambalo halionekani kwenye ankara yoyote. Wimbo wa dakika nne una nafasi ya kujisahihisha. Ukianza kwa kusuasua, kiitikio kitakuja kuuokoa. Sekunde tatu hazina kiitikio. Halafu mtumiaji atazisikia mara kumi kwa siku, kila siku. Matoleo yetu ya mwanzo yalipendeza mara ya kwanza na kuchosha mara ya ishirini, na ilituchukua muda kugundua sababu: ncha moja kali karibu na hezi 3,500, masafa ambayo sikio la binadamu ni jepesi kuyanasa kuliko mengine. Tukaipunguza kidogo, tukausikiliza mlio mfululizo mpaka masikio yakachoka, tukalala, tukaanza upya asubuhi. Lililokubaliwa ni toleo la 31.

Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alipopewa kazi ya mlio unaosikika kompyuta yenye mfumo wa Windows 95 ikiwashwa, kwa maelezo yake mwenyewe, aliletewa orodha ndefu ya sifa zinazotakiwa, na chini kabisa sharti la urefu: sekunde tatu na robo. Alitengeneza vipande 84. Wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kurekodi albamu.

Hata hicho chumba tunachosikilizia kina gharama yake. Bado nawasikia vijana wanaofungua studio wakishauriwa wabandike trei za mayai ukutani. Jamani, acheni. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Karatasi nyembamba ile hailizuii hata kidogo. Inafifisha sauti za juu tu, besi inabaki inazunguka pembeni mwa chumba, na wewe unamiksi ukidhani besi ipo nyingi kumbe ni ukuta unaokudanganya. Sisi tulifanya kosa hilo mwaka mzima. Kazi zilitoka hapa nono, zikafika kwa wateja zimekondeana. Tulipojenga mitego minene ya kunyonya besi kwenye pembe nne, kwa pamba ya madini na fremu za mbao, ndipo tukaanza kuamini tunachokisikia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila kazi ni ya namna hiyo. Ziko maktaba zenye maelfu ya milio ya milango, na upo wakati mlango wa maktaba unatosha. Mwezi uliopita tulimaliza kazi moja kwa saa moja na nusu na tukatoza saa moja na nusu. Siku hizi kuna hata programu zinazotunga mlio ukiziandikia sentensi. Sawa. Ila mlio wa maktaba mshindani wako naye anao, na nembo inayofanana na ya jirani haijawa nembo.

Kuhusu "nifanyieni mfano bure, nikiupenda nitalipa": hapana. Nusu ya malipo kabla ya kuanza, na hili tulilijua kwa kuumia. Na mkataba utaje tungo peke yake na rekodi peke yake, maana ni haki mbili tofauti.

Kinachonikera zaidi ni jinsi hesabu hiyo ya sekunde inavyomdharau huyu mwenzangu. Ana sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Anatambua feni iliyo chumba cha tatu. Sikio hilo amelijenga kwa miaka kumi na mbili ya kukaa kimya na kusikiliza. Siku nitakayokubali kulipwa kwa sekunde nitakuwa nimemwambia usoni kwamba miaka hiyo haihesabiki. Siwezi kumwambia hivyo.

Jana usiku nilimjibu mteja wetu. Sikupunguza bei. Nilimtumia matoleo manane ya ile nembo ya mwaka jana, kwa ruhusa ya mwenyewe, kuanzia la kwanza hadi la 31, nikamwomba ayasikilize kwa simu yake, kila moja mara kumi. Asubuhi akaandika kwamba la kwanza lilimchosha alipofika mara ya sita, akauliza kama anaweza kuja kukaa nasi tukianza ya kwake. Nimemwambia aje saa nne usiku, barabara ikishatulia, na avae viatu visivyolia.