Nikon D700 au Canon 5D Mark II: megapikseli zinavyompotosha mpiga picha wa harusi

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemwelekeza kazi ya picha za harusi alinitumia picha ya kamera mbili zilizolazwa juu ya kabati la kioo, dukani Kariakoo. Kushoto Canon EOS 5D Mark II, kulia Nikon D700. Zote mtumba, bei zimepishana kidogo sana. Chini yake ameandika: "Shikamoo kaka. Hii ya kushoto ina megapikseli 21 na inarekodi video. Hiyo nyingine ina 12, na video haina kabisa. Nichukue ya kushoto, au kuna kitu sikioni?"

Kipo asichokiona, na hayuko peke yake. Kwenye karatasi Canon inashinda, na imekuwa ikishinda tangu siku ya kwanza. D700 ilitangazwa Julai 2008 kwa dola 2,999 huko Marekani. 5D Mark II ikaja Septemba ya mwaka huohuo kwa dola 2,699. Zote zina sensa (kipande cha ndani kinachonasa mwanga) yenye ukubwa wa filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. Yaani aliyenunua Canon alipata pikseli nyingi zaidi, akapata video, na akabakiwa na dola 300 mfukoni. Ndiyo maana mpaka leo D700 ikitajwa kijiweni, watu huuliza "ile ya megapikseli 12?" kwa sauti ya kuhurumia. Naona inaonewa, hasa kwa mtu ambaye mkate wake ni picha za mnato ndani ya kumbi zenye taa hafifu.

Tuanze na hizo 21 dhidi ya 12, maana ndizo zinazouza kamera. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Picha ya 5D Mark II ina pikseli 5616 kwa 3744. Ya D700 ina 4256 kwa 2832. Gawanya upande mrefu wa kwanza kwa upande mrefu wa pili, unapata 1.32. Megapikseli zilizozidi kwa asilimia 74 zinakupa picha iliyozidi asilimia 32 tu kwa urefu, na vivyo hivyo kwa upana. Ni hesabu ya mkeka: ukitaka mkeka wenye urefu maradufu na upana maradufu, ukindu unaohitajika ni mara nne. Ili upate picha iliyo mara mbili ya D700 kila upande, ungehitaji megapikseli 48. Mtu akisikia 21 na 12 kichwani anaona karibu maradufu, lakini jicho halitaliona hilo maradufu mahali popote.

Sasa zifuate pikseli hizo zinakokwenda. Picha nyingi za harusi siku hizi zinaishia kwenye simu, na Instagram huzionyesha kwa upana wa pikseli 1080. Hapo kamera zote mbili zinatupa sehemu kubwa ya zilichokinasa. Zinazobaki zinaingia kwenye albamu. Chukua ukurasa mkubwa wa inchi 12 kwa 18: Canon inakupa nukta 312 kwa kila inchi, Nikon inakupa 236. Albamu inashikwa mkononi, mama wa bibi harusi ameikunjua mapajani, na kwa nukta 236 hataona upungufu wowote. Ukisafisha picha ya ukutani ya ukubwa wa A2, Nikon inashuka hadi nukta 182 hivi, lakini picha ya ukutani mtu huitazama akiwa amesimama hatua mbili tatu nyuma. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu ndiyo inayoamua fedha za vijana wengi, na wengi wao hawajawahi kuipiga.

Kuna faida moja ya kweli ya pikseli nyingi: kukata picha. Ukisimama nyuma ya ukumbi kwa sababu mbele kumejaa wajomba wenye simu, unaweza kukata karibu robo ya urefu na robo ya upana wa picha ya Canon ukabaki na megapikseli 12 kamili. Hilo sibishi. Ila nawe utalipia kwenye hifadhi: faili ghafi moja ya 5D Mark II hula takribani MB 25, ya D700 hula kama MB 16 ikibanwa bila kupoteza kitu. Zidisha kwa picha 1,500 za harusi moja, halafu fikiria kompyuta aliyonayo kijana anayeanza.

Jambo lililonifanya niandike ni fokasi, yaani kamera kulenga kitu kitoke wazi bila ukungu. Mpiga picha yupo ukumbini saa mbili usiku. MC ameamuru taa zipunguzwe, mlango unafunguliwa, bibi harusi anaingia akicheza, anamjia moja kwa moja. Ana lenzi ya milimita 50, ameifungua hadi f/1.8 kwa sababu mwanga hakuna. Bibi harusi akifika mita moja na nusu mbele yake, kina cha sehemu iliyo wazi kwenye picha ni kama sentimita 10 tu. Hatua moja ya kucheza inazidi sentimita 10. Kamera isipomfuata, macho yanafifia na pete ya sikio ndiyo inayong'aa.

5D Mark II ina pointi 9 za fokasi, zimepangwa kama almasi katikati ya kioo, na ya katikati pekee ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Hiyo ya katikati ni nzuri kwelikweli, na wapiga picha wamepiga harusi nyingi sana duniani kwa kuitegemea hiyo moja: unashika jicho, unabana, unasogeza kamera kupanga picha, unapiga. Kwa mtu aliyesimama tuli inafaa. Kwa anayekujia akicheza, ule muda wa kusogeza kamera ndio unaokula zile sentimita 10. D700 imepewa mfumo wa pointi 51, na 15 kati yake zinasoma pande zote mbili, kwa hiyo unaweka pointi usoni na unaiacha kamera imfuate. Kwa hesabu ya watengenezaji wenyewe, fokasi ya D700 hufanya kazi mpaka kiwango cha mwanga cha −1, ya Canon mpaka −0.5; namba ikishuka, giza limezidi. Tena D700 ina kitaa chake mbele cha kusaidia fokasi gizani, na flashi ndogo inayochomoza juu. 5D Mark II haina hata kimoja. Inategemea uvae flashi ya nje.

Halafu kuna suti nyeusi. Bwana harusi mweusi, suti nyeusi, kando ya shela jeupe linalometa: mpiga picha huulinda weupe wa shela usiungue, na giza analiinua baadaye kwenye kompyuta. 5D Mark II inajulikana kwa udhaifu mmoja hapo, kwamba vivuli vikiinuliwa sana hutoka mistarimistari. Sensa ya D700, ambayo ndiyo iliyowekwa kwenye Nikon D3 ya 2007, ina pikseli kubwa zaidi, kama maikroni 8.4 kwa 6.4 za Canon, na vivuli vyake huinuka safi zaidi. Katika harusi zetu hili linatokea kila Jumamosi.

Sasa upande wa Canon, maana nao una haki yake. Video yake ilikuwa tukio. Kipindi cha mwisho cha msimu wa 2010 wa tamthilia ya Marekani *House* kilirekodiwa kwa 5D Mark II, na hakuna DSLR (kamera ya kioo yenye lenzi za kubadilisha, kama hizi mbili) ya wakati ule iliyofungulia milango wapiga filamu wasio na fedha kama hii. Kama unafanya kazi peke yako na mteja anataka video ya muziki au tangazo fupi, mjadala umekwisha, chukua Canon. Kwa harusi, hata hivyo, itazame vizuri. Kwa ubora wa juu hurekodi kama dakika 12 kisha faili linafika GB 4 na kukatika. Hotuba ya baba wa bibi harusi inazidi hapo. Ukiwa unarekodi haifuati fokasi yenyewe, unazungusha lenzi kwa mkono. Na harusi zetu nyingi mtu wa video anakuja na vifaa vyake.

Betri za Canon pia ni rahisi kupata: LP-E6 huingia kwenye 60D, 70D, 6D, 7D na nyingine nyingi, kwa hiyo ziko kila duka. EN-EL3e, betri ya D700, ni ya enzi za Nikon D90 na D300, na nzuri zinatafutwa. Ukipata kishikio cha MB-D10, kinachofungwa chini ya D700, unaweka betri nane za kawaida za AA, na kasi inapanda kutoka picha 5 hadi 8 kwa sekunde. Canon inaishia 3.9. Na kama tayari una lenzi mbili tatu za Canon, usihame kwa ajili ya maneno yangu.

Mwishoni kuna suala la mtumba wenyewe. Shata (pazia linalofunguka kila unapopiga picha) za kamera zote mbili zilipimwa kwa mibonyezo 150,000. Nikon huandika idadi ya mibonyezo ndani ya kila picha, kwa hiyo unapiga moja papo hapo dukani, unaisoma, unajua. Picha ya 5D Mark II haiandiki. Inabidi uiunganishe kwa waya na kompyuta yenye programu ya kuisoma, na pale kaunta watu wengi huishia kumwamini muuzaji. Kamera yangu ya kwanza niliambiwa "imetumika nyumbani tu". Shata ilikufa mwezi wa pili.

Kijana nimemjibu hivi: kwa kuwa video si kazi yako, naegemea D700, ila ikaguliwe. Tazama mpira wa nyuma penye kidole gumba, kwenye D700 huvimba na kubanduka. Mulika tochi ndani ya tundu la kadi, kwa kamera zote mbili, pini moja iliyopinda inatosha kuharibu kazi. Mulika na ndani ya lenzi, unyevu wa Dar unaotesha ukungu. Nenda jioni taa za duka zikiwa chache, mwombe rafiki yako mwenye fulana nyeusi akujie akitembea, piga ishirini kwa kila kamera kwa f/1.8. Kadi uniletee mimi, tuhesabu pamoja ni ngapi zilizoshika macho.