Msomaji wa Nyumbani Hujibu, Msomaji wa Huku Hutoa Nyota

Miongoni mwetu tunaoishi ughaibuni kuna usemi unaopendwa mno, usemao kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Husemwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye harusi, hata kwenye misiba, na mara nyingi msemaji huufuatisha na maelezo ya jinsi alivyowaona Wazungu ndani ya treni, kila mmoja na kitabu chake mkononi. Nimeishi Uingereza muda wa kutosha kupanda treni nyingi, na ninachokiona humo ni watu walioinamia simu, sawa na abiria wa mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni. Lakini hoja yangu haihusu treni. Nataka kueleza jinsi wasomaji wa Tanzania na wasomaji wa hapa Leicester ninapoishi wanavyomjibu mtunzi wa riwaya, kwa sababu nimekuwa nikizifuatilia pande zote mbili na sioni kwamba kule nyumbani tumepungukiwa na wasomaji.

Yupo mwandishi mmoja wa riwaya wa Dar es Salaam ninayemfuatilia mtandaoni. Jina lake nalihifadhi. Vitabu vyake ni vichache, lakini karibu kila siku huandika aya moja au mbili kuhusu jambo aliloliona njiani. Siku moja aliandika kuhusu konda wa daladala aliyeweka mkono wake mlangoni asubuhi kuwazuia wanafunzi wasipande, kwa kuwa nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Konda aliruhusu wawili tu, na mmoja wa hao wawili, alipokwisha kupanda, akamvuta mdogo wake ndani kupitia chini ya mkono uleule. Ilikuwa aya fupi, isiyo na mahubiri yoyote.

Majibu yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko aya yenyewe. Mwalimu mmoja alieleza kwamba watoto wa namna hiyo hufika kipindi cha kwanza kimekwisha, na kwamba wapo walimu wanaowachapa kwa kosa ambalo si lao. Mtu aliyesema amewahi kuwa konda alimtetea mwenzake, akaeleza habari ya hesabu ya tajiri ambayo lazima ikamilike kabla konda hajapata senti yake mwenyewe, na kwamba wanafunzi kumi asubuhi ni hasara ambayo hakuna wa kuifidia. Kisha akaja mama mmoja akauliza swali ambalo bado nalikumbuka: «Umejuaje kwamba yule ni mdogo wake?» Mwandishi akajibu kwa unyenyekevu kwamba hakujua, alikisia tu kwa sababu walikuwa wamevaa sweta zinazofanana. Mama yule hakuridhika, akamwambia kwamba watoto wa shule moja wote huvaa sweta zinazofanana, na kwamba kama hawakuwa ndugu basi kisa hicho ni kizuri zaidi kuliko alivyokiandika.

Mimi nauita huo uhakiki. Mama yule alimkamata msimulizi mahali ambapo msimulizi alijua zaidi ya alivyopaswa kujua, akamwonyesha kwamba kisio lake limekipunguzia kisa uzito. Katika chuo kikuu chochote mwanafunzi akisema hivyo hupewa alama nzuri. Na chini kabisa ya mjadala huo wote, kama ilivyo ada, akatokea kijana aliyeandika: «Kaka, naomba PDF ya kitabu chako.»

Mwandishi huyohuyo anapotangaza kwamba riwaya yake mpya imetoka, sauti hubadilika. Hongera nyingi, dua za kuinuliwa viwango, mikono ya kupiga makofi, na hakuna anayeuliza swali kama la yule mama. Wachache waliokisoma kitabu huandika maoni yanayofanana na majibu ya mtihani wa kidato cha nne: dhamira kuu ni umaskini, mhusika mkuu ni fulani, lugha iliyotumika ni nyepesi na yenye methali, mandhari ni ya mjini. Yeyote aliyesoma sekondari Tanzania anafahamu mfumo huo umetoka wapi. Tulifundishwa kuigawa riwaya katika fani na maudhui, tukakariri maelezo ya vitabu teule kama Takadini na Joka la Mdimu kutoka kwenye vijitabu vya mwongozo, na wako wengi waliofaulu vizuri sana bila ya kufungua kitabu chenyewe. Msomaji aliyelelewa hivyo, ukimpa aya kuhusu daladala hukujibu kwa akili yake yote na kwa maisha yake yote, lakini ukimpa riwaya anarudi darasani na kuanza kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Shule ndiyo iliyomwambia kwamba riwaya ni kitu cha kutolea hoja tatu kwa mifano. Ninaposikia mtu wa ughaibuni akimlaumu msomaji huyo kwa uvivu, nashindwa kuvumilia.

Na desturi ya kumjibu mwandishi hatukuipata kwenye simu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa chini ya utawala wa Waingereza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, na ilikuwa kawaida shairi la mtu mmoja lijibiwe na mwingine kwa shairi. Shaaban Robert mwenyewe alichapisha mashairi humo. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina na mizani mwaka 1974, ubishi uliozuka haukuishia vyuoni. Washairi wa mapokeo walimjia juu, wakasema kisichokuwa na vina si shairi, na wako walioendelea kusema hivyo mpaka leo. Kwetu mwandishi akisema neno, hutazamia kujibiwa, na anayemjibu hajioni mdogo. Yule mama wa sweta ni mrithi wa malumbano hayo, hata kama hajawahi kuliona toleo moja la Mambo Leo.

Huku Uingereza mambo yamepangwa namna nyingine. Msomaji akimaliza kitabu huenda kwenye Goodreads, tovuti ya wasomaji kupimia vitabu, akatoa nyota, kuanzia moja hadi tano, na akipenda huandika maoni kwa ajili ya wasomaji wenzake. Mwandishi mwenyewe hatakiwi kujibu. Akijibu, hasa akilalamika, huonekana amevunja adabu. Anaweza kuandika mtandaoni kuhusu mvua au kuhusu jirani yake anayekata majani Jumapili asubuhi, watu wakatabasamu na kupita. Sijaona mtu akimuuliza amejuaje. Hata kwenye mikutano ya maktaba ambapo mwandishi huja kusoma sehemu ya kitabu chake, maswali ninayoyasikia ni yaleyale: unaandika asubuhi au usiku, unatumia kalamu au kompyuta, mawazo unayatoa wapi. Ni maswali ya heshima, na kwa maoni yangu ni maswali ya kuchosha.

Nyota hizo nazo zisitutishe. Mwezi Juni 2023 mwandishi wa Marekani Elizabeth Gilbert alitangaza riwaya yake mpya inayohusu familia iliyojitenga msituni Siberia. Kitabu kilikuwa bado hakijatoka, lakini mamia ya watu walikipa nyota moja moja kwa kupinga kitabu kuwekwa Urusi wakati Ukraine inashambuliwa, naye akaahirisha kukichapisha. Hao walikuwa wasomaji wa nchi tunazozisifu kwa usomaji, wakihukumu kitabu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekishika mkononi. Jambo hilo lingetokea kwetu, ningepelekewa ule usemi wa kumficha Mwafrika kitu mara kumi kwa siku moja.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea kwetu kweli, japo kwa sura nyingine. Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku hiyo na zilizofuata Watanzania mtandaoni hawakuzungumzia riwaya zake; walibishana kama ni wetu au si wetu, kwa kuwa yeye ni raia wa Uingereza na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wapo waliolicheka bishano hilo, wakasema tazama, watu hawajasoma hata ukurasa. Ni kweli wengi walikuwa hawajasoma, na huku pia wengi walianza kuvitafuta vitabu vyake siku ileile. Lakini waliokuwa wakibishana walikuwa wanauliza ni nani mwenye haki ya kupaita mahali nyumbani baada ya kuondoka, na kama aliyeondoka kwa kulazimika anahesabiwa sawa na aliyeondoka kwa hiari. Hilo ndilo swali ambalo Gurnah amekuwa akilichimba riwaya baada ya riwaya. Watu walikuwa ndani ya mjadala wa vitabu vyake bila kuwa na vitabu vyake, na sababu mojawapo iko wazi: riwaya yake ya mwaka 1994, iliyofikia orodha fupi ya Tuzo ya Booker, haikupata tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota, mpaka baada ya Nobel. Karibu miongo mitatu ilipita kabla ya msomaji wa Kiswahili kuweza kukisoma katika lugha yake.

Hapo ndipo ninapoona kwamba Uingereza imetuzidi, na sitaki kulificha. Imetuzidi kwa njia za kumfikisha msomaji kwenye kitabu na kuifikisha fedha kwa mwandishi. Mtu akipendezwa na maneno ya mwandishi asubuhi, mchana anaweza kupita maktaba ya mtaa akaazima riwaya yake bila kulipa chochote, na mwandishi akalipwa kwa kuazimwa huko. Sheria ya mwaka 1979 ndiyo iliyoweka haki hiyo: serikali hutenga fedha, mikopo ya vitabu hukadiriwa kutokana na kumbukumbu za maktaba, na mwandishi hupewa peni kadhaa kwa kila mkopo, kwa kikomo cha pauni 6,600 kwa mwaka. Wengi hawakifikii kikomo hicho hata kwa mbali, lakini wanalipwa. Maktaba zenyewe zimepata pigo, kwani mamia yamefungwa tangu mwaka 2010 serikali za mitaa zilipopunguziwa bajeti. Hata hivyo zilizobaki bado ni nyingi kiasi kwamba kijana wa mtaani kwangu hana sababu ya kumwomba mwandishi PDF.

Kijana wa nyumbani anayo sababu. Maktaba Kuu ya Taifa iko Dar es Salaam tangu mwaka 1967, na mikoa ina maktaba zake, lakini aliyeko kijijini Ukerewe au Kilwa akivutiwa na aya ya mwandishi hana mahali pa kwenda na shauku yake. Duka lililo karibu huuza vitabu vya shule na madaftari. Kwa hiyo anaomba PDF, na mwandishi anakasirika, kwa haki, kwa sababu faili moja likishaingia kwenye kundi moja la WhatsApp kitabu hakiuziki tena. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, tunayo COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki, ila sijui askari gani atalifuata faili lililopita kwenye simu za watu wote wa kata.

Waliolipatia jawabu tatizo hili, kwa kiasi fulani, ni watunzi ambao wasomi wetu hawawaheshimu: wale wa simulizi za mfululizo kwenye Facebook. Huweka sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure, huiacha ya kumi na moja mahali ambapo mlango unagongwa saa nane usiku, kisha huandika kwamba anayetaka iliyobaki atume shilingi elfu moja au mbili kwa namba ya simu na atatumiwa. Wasomaji hutuma. Hulalamika, huuliza muendelezo uko wapi, humshauri mtunzi asimuue Fulani, humtishia kwamba wataacha kusoma, kisha hutuma fedha. Kwa wepesi wa lugha na kwa makosa ya uandishi nyingi ya simulizi hizo zinanikera, lakini hapo jibu la msomaji na malipo ya msomaji yamekutana mahali pamoja, jambo ambalo mwandishi wangu wa daladala, pamoja na ustadi wake wote, hajaliweza.

Ningependa alijaribu. Aichukue ile aya ya konda, airudishe kwenye riwaya inayokuja pamoja na swali la mama, na chini ya kila aya ya asubuhi aweke jina la kitabu, bei yake na namba ya kutumia fedha, bila aibu. Sisi wa ughaibuni atufikirie pia. Riwaya ya Kiswahili ninayoitaka haiko kwenye maktaba ya Leicester, kuisafirisha kwa posta kunagharimu zaidi ya bei ya kitabu, na malipo ya simu ya mtandao wa nyumbani siwezi kuyafanya nikiwa huku mpaka nimsumbue binamu yangu anilipie, kisha nimrudishie. Mwandishi atakayeweka njia ya mimi kununua nakala ya kusomea kwenye simu kwa kadi yangu ya benki, na akaniruhusu kununua nakala nyingine tano za karatasi zipelekwe kwenye shule ya kata niliyosoma, atapata fedha yangu wiki hiyohiyo, na nadhani atapata ya wengi wa hao wanaopenda kurudia ule usemi.