Filamu ya mapanki tuliiandamania kabla hatujaiona

Jumapili moja nilikuwa kwa shemeji yangu Tabata, mezani kuna ugali na sangara wa nazi, mara mtoto wao wa kidato cha tatu akasukuma sahani pembeni akatangaza kwamba yeye na samaki basi. Kumbe usiku wake alikuwa ameangalia dokumentari ya Netflix, Seaspiracy, ile iliyotoka 2021, inayosema uvuvi usioharibu bahari haupo na dawa ni kuacha kula samaki kabisa. Mama yake hata hakubishana, akamwambia sawa baba, matembele yapo jikoni. Tukacheka, ila mi njia nzima kwenye daladala nikawa nawaza, maana nimekulia Mwanza, na sisi wa Mwanza tuna kisa chetu na hizi dokumentari za mazingira, kisa ambacho vijana wa sasa wengi hawakijui.

2006 nilikuwa darasa la sita, tunakaa Kirumba, sio mbali na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ghafla mji mzima ukaanza kuongelea "filamu ya mapanki", yaani ya yale mabaki ya sangara minofu ikishaondolewa kwenda Ulaya. Jina lake halisi ni Darwin's Nightmare, imetengenezwa na Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka 2004, ikazunguka Ulaya ikabeba tuzo, ikafika mpaka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar mapema 2006 ikashindwa na filamu ya mapenguini (sitanii). Sisi huku hatukuwa na habari mpaka mwisho wa Julai mwaka huo Rais Kikwete alipoisema kwenye hotuba yake, kwamba imeichafua nchi, na baada ya hapo watu wakaingia barabarani kuandamana. Jirani yetu mmoja alirudi toka kwenye maandamano sauti imekauka kabisa, nikamuuliza kitoto tu, hivi we umeiona hiyo filamu? Akanijibu sijaiona na sitaki kuiona. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyekuwa ameiona. Tulikuwa na hasira ya kuazima, kila mtu kaipata kwa mwenzake.

Mi nimekuja kuiona 2013 nikiwa chuo, kwenye laptopu ya rafiki, kopi imetoka kwenye flashi ya mtu aliyeitoa kwenye flashi ya mtu mwingine. Kitu cha kwanza kilichonishangaza sio samaki, ni maandishi ya chini. Watu wa kwetu wanaongea Kiswahili, maandishi yanawatafsiria wazungu, na mi nasikia mengi kuliko yaliyoandikwa, ile namna ya kukwepa swali, ile "aah we acha tu" ambayo tafsiri yake inaishia kuwa maneno mawili makavu. Hapo ndo nikaelewa hii kitu haikutengenezwa ili sisi tuiangalie. Sisi ni wa kuangaliwa.

Sasa niseme ukweli wangu, na najua kuna watu wa nyumbani watanichukia. Mambo mengi mle ndani ni kweli. Sangara hakuwepo Ziwa Victoria, alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950 wakati wa mkoloni, na anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, ni samaki anayekula samaki. Alikuta ziwa limejaa furu, wale wadogo wadogo, aina zaidi ya 500, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Watafiti wa Kiholanzi toka Leiden walikuwa Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 70 wanawahesabu hao furu, na miaka ya 80 wakawaona wakipotea mbele ya macho yao, inasemwa karibu aina 200 zimetoweka, ingawa kuna baadhi zimeanza kurudi. Bibi yangu alikuwa akisema furu ulikuwa unamwanika juani na jioni amekauka, kazi imeisha. Sangara ana mafuta, juani haendi popote, anataka moshi, na moshi unataka kuni, kwa hiyo samaki kabadilishwa majini na miti ikalipia nchi kavu. Hili nadhani ndo somo la mazingira ambalo hata mtoto wa chekechea analielewa ukimweleza, na hakuna aliyewahi kutueleza shuleni, tuliimba tu faida za ziwa.

Na kweli pia minofu ilipanda ndege ikaenda Ulaya. Kiwanda kinakata mnofu, kinachobaki ni mgongo, mkia na kichwa, ndo panki lenyewe, linauzwa kwetu. Kamera inakwenda mahali yanapoanikwa, funza wanatembea, kuna mama jicho limeharibika kwa ile hewa kali ya ammonia inayotoka kwenye vichwa vinavyooza. Ile sehemu ni ngumu kuiangalia. Kuna dada mmoja pia, anakaa na marubani, anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania, baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja. Nilisimamisha laptopu pale nikatoka nje kidogo.

Kwa hiyo kwanini bado iliniuma? Sio kwa sababu ilitutia aibu. Umasikini tunaujua, hatuhitaji kufichiwa. Iliniuma kwa sababu panki kwangu ni chakula. Mama mkubwa wangu, dada yake mama, aliuza mapanki zaidi ya miaka kumi, alisomesha watoto watatu kwa vichwa vya sangara. Panki zuri lililotoka kiwandani asubuhi, likaoshwa likakaangwa siku hiyo hiyo, lile shavu na ile nyama ya shingoni, ukipata na ugali wa muhogo, we mwache mtu na mnofu wake. Filamu haikukutana na panki hilo. Ilikutana na lililooza tu, ikaondoka nalo kwenye tamasha la filamu la Venice. Halafu kuna ile habari ya silaha, filamu inadokeza kwamba ndege zinazobeba minofu zinakuja na bunduki. Muda wote Sauper anawauliza marubani mnakuja na nini mkija huku, na karibu na mwisho rubani mmoja anasimulia alivyopeleka mzigo Angola kisha akachukua zabibu Johannesburg kwenda Ulaya, ni simulizi nzito sana, lakini ni ya Angola, na bunduki zikishushwa Mwanza huzioni kwenye picha hata sekunde moja. Unabaki unahisi tu. Kwangu dokumentari inayokuachia hisia pale ilipotakiwa kukuachia ushahidi imenunua kitu ambacho haijalipia.

Lakini serikali nayo ilijibu vibaya, acha niseme. Badala ya kusema haya jamani filamu hii hapa, wekeni skrini uwanja wa Furahisha tuiangalie wote tubishane, ikawa ni matamko na maandamano, na mwandishi wa habari wa kwetu aliyeonekana mle ndani akapata msukosuko wa kutosha. Wakati huo huo Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliipinga hadharani, ikaishia mahakamani, na 2008 Sauper akashinda kesi ya kuchafuliwa jina. Yaani mapanki yetu yamejadiliwa mahakamani Paris kwa mawakili na vielelezo, na sisi wenye mapanki tulikuwa bado tunapeana flashi.

Narudi kwa yule mtoto wa Tabata na sahani yake. Ile filamu yake nayo nimeiangalia, bando langu limeisha kwa ajili yake. Ina mambo ya kweli, meli kubwa zinazokwangua chini ya bahari, nyavu zilizotelekezwa zinazoendelea kuua, watu wanaotumikishwa kwenye meli. Ila hitimisho lake ni la mtu ambaye akiacha samaki jioni anafungua friji ana chaguo saba. Watu zaidi ya bilioni 3 duniani samaki ni sehemu kubwa ya protini yao ya wanyama, na wengi wao sio wa mtaa wenye friji ya hivo. Na ile hesabu maarufu kwamba 2048 bahari zitakuwa tupu ilitoka kwenye utafiti wa 2006, na aliyeuongoza, Boris Worm, 2009 akatoa kazi nyingine na wenzake inayoonyesha kwamba pale uvuvi unaposimamiwa vizuri samaki wanarudi. Hiyo ya pili haina mvuto wa trela, ndo maana hujaisikia.

Hivi kwa nini hakuna anayetengeneza dokumentari ya dagaa? Nauliza kwa dhati. Dagaa wa Ziwa Victoria wanazaliana haraka, kwa uzito ndo wanaoongoza kuvuliwa ziwani, wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika, yaani mwezi wenyewe ndo afisa uvuvi. Analiwa mzima na mifupa yake, hakuna panki wala mnofu, hakuna wa Ulaya na wa Kirumba. Tatizo lake ni kwamba anaanikwa mchangani, mvua ikimkuta kaharibika, anaishia kuwa chakula cha kuku, na wanaopata hasara hapo ni akina mama. Akianikwa kwenye chanja hali inakuwa tofauti kabisa. Hapo kuna filamu nzima ya saa moja na nusu, ina giza, ina taa elfu juu ya maji, ina mvua, ina hela. Lakini haina mzungu wa kushtuka wala ndege kubwa ya mizigo. Halafu kuna kayabo, yule sangara wa chumvi anayekwenda Kongo, na kuna mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yanayokwenda China, siku hizi mtu akipasua sangara mkono unaanza kutafuta bondo kabla ya kuangalia nyama. Sangara wa 2004 na wa leo hawana soko moja, lakini ukimwambia mtu wa nje unatokea Mwanza bado anakuuliza habari za ile filamu.

Kuna moja imenipa moyo ingawa sio ya ziwa. Inaitwa Thank You for the Rain, ya 2017, Mkenya mmoja mkulima wa Kitui, Kisilu Musya, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway, na yeye akawa anajirekodi mwenyewe na familia yake miaka kadhaa, ukame, mafuriko, nyumba kuezuliwa na upepo, mpaka alipokwenda mkutano wa tabianchi Paris 2015. Angalia tofauti. Mke wake akichoka na hizo harakati zake unaona amechoka kweli, kwa sababu anayemrekodi ni mumewe, anamwambia hayo ambayo mgeni asingeambiwa. Mle huoni watu waliokaa vizuri kwa ajili ya kamera wala waliokaa vibaya kwa ajili ya kamera. Na huyu mkulima sio malaika, ana kujisahau kwake, ana nyumba inayomsubiri.

Mi ombi langu ni dogo na linawezekana. Tunao watu waliochukua filamu za Kihindi na za makarate wakazitafsiri kwa Kiswahili cha mtaani mpaka zikawa zetu, Lufufu huku kwetu, DJ Afro kule Kenya, vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, vilijaa watoto kwa watu wazima, mtu hajui Kihindi neno moja ila anakusimulia steringi alimwambia nini baba mkwe. Mmoja wa warithi wao apewe dokumentari tatu nne za ziwa, bahari na mito, aziingizie sauti, ziwekwe kibanda umiza pale mwaloni siku za mbalamwezi wavuvi wakiwa nchi kavu, kiingilio cha kawaida, na mtafsiri awe huru kubisha na filamu katikati, aseme hapa jamaa anatupiga fix. Nina uhakika zaidi ya nusu ya watu wangebaki nje mpaka usiku wanabishana kuhusu nyavu haramu kama makokoro na timba kuliko walivyowahi kubishana kwenye semina yoyote yenye soda na posho.

Nasema hivi kwa sababu nimejaribu na mtu mmoja. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani nilimwonyesha mama mkubwa ile filamu kwenye simu, sasa ni mzee, miguu inamsumbua, biashara kaacha. Nilikuwa na wasiwasi atalia au atakasirika kama yule jirani. Aliangalia kimya, marubani hakuwajali, wanasiasa hakuwajali, akapiga miayo kwenye mahojiano. Ilipofika kwenye mapanki akakaa wima akaniomba miwani. Akasema haya hawakuyaosha. Akasema na hapa wamepanga yakiwa bado yana maji, lazima funza waingie, sisi tulikuwa tunakausha maji kwanza. Alipomwona yule mama wa jicho akanyamaza muda mrefu, akasema tu pole mama. Halafu akaigusa skrini kwa kidole, picha ikaganda.

"Rudisha nyuma kidogo," akaniambia. "Nataka kuona hilo chanja ni la nani."