Mwacheni dogo apate waifai kwanza

Juzi dogo mmoja wa mtaani kaja na laptop ya mtumba. Kaweka Debian 12, mfumo huria wa Linux, mwenyewe, kafika mwisho salama, ila waifai hakuna. Tukachomeka simu kwa waya wa chaji tukavuta intaneti, tukashusha lile faili la kuamsha kadi ya waifai, ambalo kampuni imeficha msimbo wake, tukawasha upya. Mitandao ya majirani ikajipanga yote. Dogo akacheka mpaka basi.

Pembeni kakaa jamaa, stika tatu za programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha) mgongoni mwa laptop yake. "Umeshaichafua. Hiyo si huru tena."

Haya, mtukufu. Ya kwako asubuhi inaamshwa na nini? BIOS yake, ile programu ya kwanza kuamka ukiwasha, umesoma mstari gani? Kadi ya waifai nayo ni kompyuta, ina programu yake. Kuna watengenezaji wanaoichoma ndani ya chipu kiwandani, na wapo wanaoiacha nje ili mfumo uipakie kila ukiwasha. Siri ni ile ile, kilichobadilika ni mahali pa kulala. Sasa FSF, shirika la kutetea programu huria, wenye madhehebu yao, katika nembo ya kuthibitisha vifaa wanaisamehe programu iliyofungwa kwenye chipu ya pembeni, maadamu haikukusudiwa kubadilishwa. Yaani ile usiyoweza kuigusa milele ni halali, na ile ambayo kesho mtu angeweza kuandika mbadala wake ndiyo haramu! Debian walichoka na mchezo huu, wakapiga kura 2022, na tangu toleo la 12 mafaili hayo yamo kwenye diski ya kusakinishia. La dogo halikuwamo kwa sababu kampuni yenye mali haitaki lisambazwe na mwingine. Uchoyo wa kampuni, lawama kwa mtoto.

Sawa, BitKeeper, ile programu isiyo huria ya kutunzia msimbo. Nilijua mtaitaja. Torvalds, mwasisi wa Linux, alianza kutunzia msimbo wake humo 2002, Stallman, mwanzilishi wa FSF, akapiga kelele, akaonekana mkorofi. 2005 mwenye mali akaondoa ruhusa ya bure, ikabidi Git, mbadala wake huria, iandikwe haraka haraka. Stallman alikuwa sahihi, nakubali shingo upande. Lakini BitKeeper ilishika kazi ya maelfu ya watu. Faili la waifai limeshika nini? Dogo akipata kadi ya Atheros ya zamani, zile za ath9k zisizohitaji faili, ni kufungua skrubu tu.

Jana kanipigia. Kalifungua lile faili kama maandishi, kaona vurugu tupu. "Kaka, mbona hili halisomeki kama mengine?"