Waje mwaka wa tano waseme "washa tuone"

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, mnisamehe hii itakuwa ndefu kidogo, ni kuhusu watu wanaokuja kutathmini mashine tunazoletewa na miradi. Niko Vienna mwaka wa sita sasa, kila asubuhi treni yangu inavuka mto Danube na ng'ambo naona yale maghorofa ya Umoja wa Mataifa, humo ndo makao makuu ya IAEA, shirika la nguvu za atomiki ambalo Tanzania ni mwanachama tangu 1976. Kila nikiyaona nakumbuka kitenge cha mama.

Kabla sijaja huku nilikuwa fundi wa maabara kwenye taasisi moja ya huko kwetu, siitaji, na mfadhili wake nae simtaji. Tulikuwa na mashine iliyokuja na mradi wa ushirikiano wa kiufundi, ya kupima naitrojeni-15. Kazi yake ni nzuri jamani: unachukua mbolea iliyowekewa alama hiyo, haina mionzi wala haimdhuru mtu, ni naitrojeni nzito kidogo tu, unaiweka shambani, mahindi yakikomaa unapima majani na punje unajua kabisa katika ile mbolea ni kiasi gani kimeingia kwenye mmea na kiasi gani kimepotea na mvua au kimepaa hewani. Mkulima wa Mbozi anayekopa hela ya urea hilo ndo swali lake hasa.

Sasa umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, kadi moja ndani ikaungua. Spea inatoka Ulaya, hela ya spea haikuwemo kwenye mradi, na mwenzetu aliyepelekwa kusomea ile mashine alishahamishiwa wilaya nyingine. Nikaleta kitenge kutoka nyumbani, cha maua ya njano, tukaifunika isiingie vumbi, stika ya mradi ikawa inaonekana kwa pembeni. Watu wa tathmini walipokuja tukakiondoa. Wana fomu yao: kifaa kimefika? Kimefika. Mafunzo yamefanyika? Ndio, watu wawili. Wakapiga picha, wakaaga. Hakuna aliyesema washa tuone, na sisi hatukusema kitu maana tuliogopa mradi unaofuata usije ukaenda kwingine. Kule kunyamaza kunaniuma mpaka leo.

Hapa ninapofanya kazi mashine kama ile iliharibika Jumanne, Alhamisi fundi yupo na begi lake. Msije mkasema wazungu wana akili kuliko sisi, mi nimewaona mafundi wa Mbeya wakifufua vitu ambavyo huku vinatupwa. Tofauti ni kwamba huku kuna mkataba wa matengenezo unaolipwa kila mwaka hata kama mashine ni nzima, na anayeitumia kila siku ndo wa kwanza kuulizwa. Hawa Waaustria mwaka 1978 walikuwa wameshamaliza kujenga kinu cha nyuklia pale Zwentendorf, ikapigwa kura ya maoni, hapana ikashinda kwa kama asilimia 50.5, na kinu hakijawashwa hata siku moja. Kama walipatia au walikosea sio hoja yangu leo. Waliulizwa.

Na tathmini ya maana tunaijua, imefanyika kwetu. Unguja walisumbuliwa sana na mbung'o, ng'ombe wanakufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Miaka ya 90 madume ya mbung'o yakafugwa Tanga, yakapigwa mionzi ya gamma yakawa tasa, yakaachiwa kwa ndege juu ya kisiwa, na kwa kuwa jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maisha yake, akikutana na dume tasa ndo basi tena. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996, lakini hawakukimbilia kushangilia, mitego ikaendelea kukaguliwa, ndo 1997 wakatangaza kisiwa kimesafishwa. Kipimo kilikuwa mtego mtupu na ng'ombe mzima. Hesabu ya semina na posho isingeweza kutuambia hilo.

Kwenye mashine za kutibu saratani kwa mionzi iwe hivyo hivyo. Mama mdogo alitoka Tukuyu 2016, basi mpaka Dar, zaidi ya kilometa 800, mlima Kitonga anaushuka na maumivu yake, halafu alikopelekwa wakamwambia mashine mbovu asubiri. Jirani yangu hapa anapanda tramu asubuhi, anapigwa mionzi, mchana yuko jikoni kwake. Mtu anayetathmini mradi wa mionzi aanze na mama mdogo: amelala safarini siku ngapi, dozi amemaliza au ameishia njiani.

Miradi ya IAEA hupangwa kwa mizunguko ya miaka miwili. Mashine haijulikani ubora wake kwa miaka miwili, hata kobalti-60 yenyewe, ile inayotoa mionzi kwenye baadhi ya mashine za saratani, nguvu yake inachukua miaka mitano na kidogo kupungua nusu. Kwahiyo warudi mwaka wa tano, waongee na fundi bila bosi wake kuwepo, na hela ya spea iandikwe tangu siku ya kwanza, hata kama itabidi mashine ziwe chache.

Nyie mliopo Uyole, Mafinga, Njombe, Tunduma, kama mna mashine ya mradi wowote niandikieni inbox: inawaka au haiwaki, na nani bado anajua kuitumia. Nakusanya orodha, nitaipeleka mwenyewe ng'ambo ya mto, majina yenu sitayaweka.