Sepereta si Dawa ya Ringi Zilizokwisha

Kijana wa jirani yangu amepoteza injini nzima, na kinachoniuma ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo alilipa pesa nzuri ili isife. Gari lenyewe ni Subaru Forester ya turbo, umbo la SG, lile ambalo hukosi kuliona mtaa wowote wa Kampala. Lilikuwa linatoa moshi wa buluu kila asubuhi na kula oili. Akalipeleka gereji, wakafungua paipu ya intakula (kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), wakamwonyesha oili iliyotuama ndani, wakamwambia, "Bosi, hapa unahitaji sepereta tu." Wakamfungia hicho kifaa cha kutenganisha oili na gesi inayotoka ndani ya injini. Moshi ukapungua kweli. Akafurahi, akaanza kulikanyaga bila hofu, na kwenye tambarare ya Lwera akielekea Masaka injini ikaanza kugonga na kutapika oili kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Ilipofunguliwa, pistoni namba nne ilikuwa imemeguka pale zinapokaa ringi, zile pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda.

Sepereta haikuvunja pistoni ile. Nasema mapema ili nisieleweke vibaya, maana naipenda sepereta na nimeona injini zilizonufaika nayo. Ninachokipinga, na nitakipinga kila nikipata nafasi, ni kuifunga kwenye injini ambayo hakuna aliyeipima. Kuifunga namna hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwenye gari ndiye anayebaki na kombe.

Tuanze na hiyo oili yenyewe, inatoka wapi. Hakuna ringi inayoziba silinda kwa asilimia mia, hata ikiwa mpya kutoka kiwandani. Mlipuko ukitokea juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni na kushuka chini kwenye krenki, na huko hukutana na oili inayorushwa huku na huku, ikabeba ukungu wake. Gesi hiyo lazima itoke. Zamani ilimwagwa barabarani kwa bomba lililoning'inia chini ya gari. California ndiyo iliyoanza kulikataza jambo hilo, mwaka 1961, na tangu hapo injini zikafundishwa kuivuta tena na kuichoma. Kwenye turbo ukiwa unakwenda polepole, gesi hupita kwenye valvu ya PCV (valvu ya kupumulia krenki) na kuingia manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Ukikanyaga, presha ya turbo hujaa manifoldi, valvu hujifunga, na gesi yote hutafuta njia ya paipu zinazotoka kwenye hedi kwenda mdomoni mwa turbo. Kutoka hapo ni kompresa ya turbo, intakula, halafu silinda. Ukungu wa oili ukichanganyika na petroli hushusha nguvu ya petroli kuvumilia joto, mlipuko huanza kabla ya wakati wake, na pistoni hupigwa nyundo ikiwa bado inapanda.

Subaru ina tabu ya ziada kwa sababu silinda zake zimelala. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia hedi ya upande mmoja na kujaa pale pale gesi inapotokea. Wanaofuata Pearl of Africa Rally wanajua jinsi Subaru Impreza zinavyoteswa kwenye kona za murram, barabara zetu za udongo mwekundu. Watu wa namna hiyo wana haki kabisa ya kufunga sepereta, tena ya maana.

Sasa sikilizeni kinachonikera. Sepereta nzuri haikusanyi oili ili uimwage; inaitenganisha na gesi na kuirudisha kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo sifa yake kuu. Kwenye injini nzima, sifa hiyo ni raha tupu, hakuna kopo la kukumbuka kulimwaga. Kwenye injini iliyochoka, sifa hiyo hiyo inakupofusha. Ringi zinavuja, gesi inashuka kwa wingi, oili inapanda na gesi, sepereta inaikamata na kuirudisha chini, na wewe kila ukichomoa kijiti unaona kiwango kiko sawa. Moshi umepungua kwa sababu ile oili iliyokuwa inapitia intakula haifiki tena kwenye silinda. Dalili mbili ambazo zingekupeleka kwa fundi, yaani moshi na oili kupungua, zote zimefifishwa. Ugonjwa uko pale pale. Na kinachorudi kwenye sampu si oili safi: kina petroli isiyoungua na maji, kwa hiyo oili inazidi kuwa nyepesi huku unaamini umeilinda.

Kwa mtu mwenye injini asiyoijua hali yake, ni heri hata kopo la kukusanyia la bei rahisi lenye kioo cha kupimia pembeni. Kopo likijaa haraka, limekuambia ukweli.

Na kupima si jambo la maabara. Kipimo cha kompresheni, yaani presha inayojengwa ndani ya silinda, kiko karibu kila gereji. Injini ipashwe moto, plagi zote zitolewe, betri iwe na nguvu, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho wakati wa kupiga stata. Mbona basi hakifanywi? Kwa sababu plagi za Subaru zimetazama ubavuni, zimebanana na chesisi. Lazima utoe betri upande mmoja na boksi la filta upande wa pili, halafu uingize mkono na kuzungusha spana kwa kubahatisha. Ni kazi ya kuchubua vidole. Nawaelewa mafundi wanaoikwepa, lakini kuelewa hakunifanyi nikubali mteja auziwe kifaa bila hiyo kazi kufanyika.

Hapa pana jambo ambalo linawapoteza hata mafundi wazuri. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani, presha yake iko chini kwa zaidi ya asilimia 10, na Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, iko chini kwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo geji itasoma chini ya namba za kitabu cha Japani hata kama injini ni nzima. Fundi mmoja ataona namba hiyo na kuihukumu injini isiyo na kosa. Mwingine, na huyu ndiye anayenitisha, atasema "huku juu zote husoma hivyo" na kuipitisha injini iliyokwisha. Kinachosema kweli ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikikubaliana na moja ikaanguka, hakuna mwinuko wa kusingizia. Silinda zote nne ziko Kampala.

Ile mbinu ya kumimina oili kidogo kwenye tundu la plagi ili kuona kama kompresheni itapanda, kwenye Subaru isahauni. Silinda imelala, oili inatuama upande wa chini na haizunguki pistoni yote, kwa hiyo jibu lake halitegemeki. Kipimo cha kweli ni cha kuvuja: pistoni inapandishwa juu kabisa, hewa ya kompresa ya gereji inaingizwa kupitia tundu la plagi, geji inaonyesha kiasi kinachopotea, na masikio yako yanakuambia kinapotelea wapi. Ukisikia mvumo kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Ukisikia kwenye egzosi, valvu ya egzosi. Ukiona mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi imeshaondoka. Kompresa gereji zote zinayo, wanajazia upepo wa matairi kila siku. Geji ya kipimo hicho si ghali kuliko sepereta yenyewe. Niliwahi kusimama kando ya injini ikipimwa hivi, na mwenye gari, mama mmoja mfanyabiashara asiyejua chochote cha injini, aliinamisha sikio kwenye mdomo wa oili na kusema, "Fundi, si ndiyo hapa inapotokea?" Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akaacha kununua sepereta, akaweka pesa yake kwenye ringi.

Magari yetu ya turbo ni wazee. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 hairuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 15, na Forester hizi za SG zilianza kutengenezwa 2002. Zilizopo ndizo zilizopo, zinapita mkono mmoja kwenda mwingine, kila mwenye nalo akiamini maneno ya aliyemuuzia. Sisemi ni mbovu zote. Nasema gari la umri huo halifai kuhesabiwa zima mpaka lipimwe.

Kabla hata ya kufikiria sepereta, angalia valvu ya PCV. Itoe, itikise, isipolia ndani imeganda, na spea yake ni ya bei ndogo mno. Ikiziba, presha inajaa chini ya pistoni na kusukuma oili nje kwenye sili. Nimeona watu wakibadilishiwa sili ya krenki mara kwa mara na hakuna aliyeigusa PCV. Vilevile chunguza shafti ya turbo, maana turbo iliyochoka sili zake hujaza intakula oili, na sepereta haina mamlaka yoyote juu ya hiyo.

Haya, umepima na injini ni nzima. Unakanyaga sana, umeongeza presha ya turbo, au unakimbia mashindano. Funga. Hapo nakubali bila ubishi. Lakini kwa mtu wa kwenda kazini Ntinda na kurudi, injini haijaguswa, anabadilisha oili kwa wakati, bado sijashawishika. Anayetaka afunge, haitamdhuru ikifungwa vizuri.

Na kufunga vizuri ni hivi. Ndani ya kifaa lazima kuwe na vizuizi au wavu, ukungu ugonge na kuwa matone. Kopo tupu la alumini lenye midomo miwili, hata likipakwa rangi nyekundu ya kupendeza, ukungu unaingia na kutoka kama ulivyo. Sepereta ikae juu, na paipu ya kurudisha oili ishuke moja kwa moja bila kupinda kwenda juu popote, kwa kuwa oili hiyo inarudi kwa uzito wake tu. Ile yenye njia za maji ya rejeta ni bora zaidi: joto linazuia mvuke wa maji kuganda na kugeuka uji mweupe ndani yake, jambo linalowapata zaidi wenye safari fupi na wakazi wa baridi ya Kabale. Mipira iwe ya kustahimili oili. Mpira wa maji utavimba, utalainika, na turbo ikivuta utajikunja na kuziba njia ya kupumulia.

Gesi iliyosafishwa irudi kwenye paipu ya kuingilia turbo, baada ya sensa ya hewa. Hili wengi hulikwepa: wanaachia mpira uning'inie chini, na lile tundu kwenye paipu ya turbo wanalisahau likiwa wazi. Fikirieni barabara zetu. Vumbi jekundu la murram linaingia moja kwa moja kwenye kompresa bila kupita filta, linasugua visu vya turbo, linafika kwenye silinda na kuzila zile ringi tulizozipima. Hewa hiyo pia haijapita kwenye sensa, kompyuta haiijui, na injini inakosa petroli ya kutosha wakati inapoihitaji. Mtu amelipa ili kulinda injini, na analipia kuisaga. Kama fundi anasisitiza kuachia mpira nje, basi walau azibe tundu hilo mbele ya macho yako, kwa kizibo na klipu, si kwa gundi.

Kuna wanaoniambia kwamba mteja mwenyewe ndiye anayedai sepereta, ameiona kwa rafiki, hataki kusikia habari za kupima. Najua wapo. Lakini fundi ndiye mwenye ujuzi, na mteja akimwita "fundi" anamkabidhi uamuzi pamoja na funguo. Daktari hatoi dawa kwa sababu mgonjwa ameipenda chupa yake. Mwambie mteja: napima kwanza, gharama ya kupima ni hii, majibu nakuandikia kwenye karatasi silinda kwa silinda. Akikataa, aende. Utapoteza kazi ya siku moja.

Wewe mwenye gari, dai hiyo karatasi kabla hujatoa hata shilingi. Ukishafungiwa, pangusa paipu ya intakula iwe kavu kabisa siku hiyo hiyo, endesha kilomita 500 hivi, kisha ifungue tena. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Ukikuta imetuama tena, usikubali kuuziwa sepereta kubwa zaidi. Rudi kwenye turbo na kwenye kipimo cha kuvuja.